SUMU YA RISASI ISIINGIE JIKONI



Katika lugha yetu neno risasi lina maana mbili. Risasi ni kile kitu kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Risasi pia ni jina la madini. Madini hayo ni mazito, ni laini, na rangi yake ni ya kijivu. Vitu hivyo viwili vina jina moja kwa sababu tangu zamani risasi za bunduki zinatengenezwa kwa madini ya risasi.

Kila mtu anajua kwamba risasi ya bunduki inaua. Lakini wengi hawajui kwamba madini yenyewe ni sumu, hata kama bunduki haikulia. Sumu hiyo huingia mwilini kwa mdomo na kwa pua. Haina harufu. Haiwashi mkononi. Nayo huwadhuru zaidi watoto wadogo, ambao hawajawahi kushika bunduki.

Somo la leo ni la wawindaji wenye leseni, hasa wale wanaowinda wanyama wadogo kama kanga, kwale, sungura na digidigi. Ni la akina mama wanaopika kitoweo hicho. Ni la wavuvi pia, maana chubwi za nyavu na mishipi nazo hutengenezwa kwa madini haya haya.

KWA NINI WATU HUSUBU RISASI

Kusubu ni kuyeyusha madini na kuyamimina ndani ya kalibu, ili yakipoa yawe na umbo unalotaka. Chuma ni kigumu kusubu, kwa sababu huyeyuka kwenye joto la digrii 1538. Shaba huyeyuka kwenye digrii 1085. Lakini risasi huyeyuka kwenye digrii 327 tu. Moto wa mkaa unatosha. Kwa hiyo mtu anaweza kuchukua risasi kutoka kwenye betri mbovu ya gari au bomba la zamani, akaiyeyusha nyuma ya nyumba yake.

Urahisi huo ndio unaoleta hatari. Kazi ya kiwandani inaingia nyumbani, karibu na mafiga, karibu na watoto.

MNYAMA MDOGO NA RISASI NYEPESI

Wawindaji hutofautisha risasi ya mnyama mkubwa na ile ya mnyama mdogo. Bunduki kubwa ya kuwindia hurusha risasi kwa mwendo wa zaidi ya mita 800 kwa sekunde moja. Risasi ya namna hiyo ikimpiga sungura, nyama yote inaharibika. Hakuna kitoweo kinachobaki.

Kwa sababu hiyo, huko Marekani wako wawindaji wengi wanaosubu risasi zao wenyewe kwa ajili ya sungura na kindi. Hutumia baruti kidogo, na risasi huenda kwa mwendo wa kama mita 300 au 400 kwa sekunde. Mlio huwa mdogo. Bunduki hairudi nyuma kwa nguvu. Risasi hutoboa tundu dogo, na nyama hubaki nzuri.

Sasa tuangalie jambo hili kwa upande wa afya. Risasi inayokwenda kasi sana, ikigonga mfupa, huvunjika vipande vingi vidogo. Vingine ni vidogo kama vumbi, huwezi kuviona kwa macho. Vipande hivyo hutawanyika ndani ya nyama, mbali na jeraha. Risasi inayokwenda polepole huvunjika kidogo zaidi. Mara nyingi hupita upande wa pili ikiwa nzima. Kwa hiyo ni kweli kwamba risasi nyepesi huacha sumu kidogo ndani ya nyama kuliko risasi kali.

Lakini wazee wangu wawindaji, naomba tusidanganyike. Kuacha kidogo si sawa na kutoacha kabisa. Risasi iliyosubiwa ni laini. Ikipita kwenye mfupa, hujisugua na kuacha ungaunga wake. Tena mnyama mdogo ana nyama kidogo, kwa hiyo jeraha huwa karibu na kila kipande kinachoingia chunguni.

Yako pia marisau, yaani zile chembe ndogo nyingi zinazopigiwa ndege. Kanga mmoja anaweza kubaki na chembe kadhaa mwilini. Wewe unaziona tatu ukazitoa, kumbe ya nne imejificha kwenye paja, na ungaunga umebaki njiani kila chembe ilipopita.

Mwaka 2008, katika jimbo la North Dakota huko Marekani, daktari mmoja alipiga picha za eksirei pakiti za nyama ya mawindo iliyosagwa. Nyama hiyo ilikuwa imetolewa msaada kwa watu maskini. Picha zilionyesha vipande vya risasi katika pakiti nyingi. Mwaka huo huo wataalamu wa serikali walipima damu za watu 738 wa jimbo hilo. Waliokula nyama ya mawindo walikuwa na madini ya risasi mengi zaidi katika damu kuliko wasioila. Tofauti haikuwa kubwa, lakini ilionekana wazi. Wale waliokula katika siku za karibuni walizidi wengine.

NJIA TATU ZA SUMU HII

Njia ya kwanza ni kuyeyusha. Risasi ikiwa motoni hutoa moshi na vumbi laini. Juu yake huelea takataka za kijivu. Mtu anapozikoroga na kuzimwaga chini, vumbi huruka. Vumbi hilo huingia puani, hukaa kwenye nguo, na hutua kwenye udongo wa uani. Mvua hailimalizi. Risasi haiozi kama jani. Hubaki palepale miaka na miaka.

Njia ya pili ni mikono. Mtu hushika risasi, husafisha bunduki, au hufyatua bunduki na kuvuta moshi wake. Kisha hula bila kunawa, au huvuta sigara. Wengine huweka chembe mdomoni wakati wa kupakia bunduki. Hilo ni jambo baya sana.

Njia ya tatu ni nyama yenyewe, kama tulivyoeleza.

Mtoto hupata sumu kwa njia zote tatu. Yeye hutambaa chini, hucheza na udongo, na kila anachookota hukipeleka mdomoni. Chembe ya risasi inang'aa na ni nzito; kwake ni kitu cha kuchezea.

INAFANYA NINI MWILINI

Mwili wa mtu hauhitaji madini ya risasi hata kidogo. Tunahitaji madini ya chuma kwa ajili ya damu, na madini ya chokaa kwa ajili ya mifupa na meno. Risasi ni kama mwizi. Huingia kwa kujifanya ni mmoja wa madini hayo. Huharibu utengenezaji wa damu, na mtu hupungukiwa na damu. Huharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Hujificha ndani ya mifupa, na huweza kukaa humo miaka mingi.

Mama akipata mimba, mwili wake huchota madini ya chokaa kutoka kwenye mifupa ili kumjenga mtoto. Risasi iliyojificha nayo hutoka, ikampata mtoto tumboni. Huweza kuharibu mimba, au mtoto akazaliwa kabla ya wakati, au akazaliwa na uzito mdogo.

Kwa mtoto mdogo madhara makubwa yako kwenye ubongo. Tumbo la mtoto hunyonya risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya tumbo la mtu mzima. Ubongo wake bado unajengwa. Sumu kidogo kidogo humfanya awe mzito wa kuelewa, mgumu wa kutulia, na mwepesi wa hasira. Mwalimu atasema mtoto huyu ni mjinga au mtundu. Kumbe ameumizwa. Na madhara hayo ya ubongo hayarudi nyuma. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama.

Sumu ikiwa nyingi huua. Huko Senegali, katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer karibu na mji wa Dakar, watu walikuwa wakivunja betri za magari ili kupata risasi. Kazi hiyo ilifanyika katikati ya makazi, na watoto walicheza kwenye mchanga ule ule. Kuanzia Novemba 2007 hadi Machi 2008 watoto 18 walikufa. Walipopimwa ndugu zao na mama zao, damu zao zilikutwa na risasi nyingi sana. Wale watoto hawakupigwa risasi. Waliuawa na vumbi.

DALILI

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba dalili zake hufanana na za magonjwa mengine. Mara nyingi hakuna dalili kabisa mpaka sumu iwe nyingi. Dalili zinazoweza kuonekana ni hizi:

(a) Tumbo kuuma mara kwa mara, na kufunga choo.
(b) Kukosa hamu ya kula, kutapika na kukonda.
(c) Kuumwa kichwa, kuchoka na kukosa usingizi.
(d) Kupauka kwa sababu ya upungufu wa damu.
(e) Mkono au mguu kulegea na kufa ganzi.
(f) Kwa mtoto: kuchelewa kusema, kusahau alichojifunza, ukali usio wa kawaida.
(g) Sumu ikizidi: degedege na kupoteza fahamu.

Mtoto mwenye degedege awahishwe zahanati mara moja, bila kungoja kujua sababu. Huenda ni malaria, huenda ni jambo jingine. Lakini kama nyumbani kwenu kuna mtu anayeyeyusha risasi au betri, mwambieni mganga siku hiyo hiyo. Msifiche kwa kuogopa. Mganga asipoambiwa atatibu malaria na minyoo, na sumu itabaki mwilini.

Ugonjwa huu hujulikana kwa kupima damu. Kipimo hicho hakipo katika zahanati nyingi, kwa hiyo mgonjwa ataandikiwa kwenda hospitali kubwa. Huko ziko dawa zinazoweza kuivuta risasi itoke kwa njia ya mkojo. Dawa hizo hutolewa na daktari tu. Maziwa si dawa ya sumu hii. Wala kumtapisha mgonjwa au kumharisha kwa mitishamba si dawa. Tena hakuna dawa itakayofaa kitu kama mgonjwa atarudi kwenye vumbi lile lile.

KINGA KWA MWINDAJI

Makala hii haifundishi kusubu. Shauri langu la kwanza ni kuacha kabisa kuyeyusha risasi nyumbani. Kwa hapa Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni ya kumiliki bunduki, na kutengeneza silaha au risasi bila ruhusa ni kosa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali cha kuwinda. Mvuvi anayesubu chubwi havunji sheria hizo, lakini sumu ni ile ile. Basi haya ni ya kuzingatia:

1. Risasi isiyeyushwe ndani ya nyumba, jikoni, uani, wala karibu na kisima. Watoto na mama wajawazito wasiwepo kabisa.

2. Sufuria, kijiko au kopo lililoyeyushia risasi lisirudi jikoni tena. Kulisugua kwa mchanga hakutoshi.

3. Usichome wala kuyeyusha betri ya gari. Ndani yake kuna tindikali inayounguza, na madini mengine yanayoweza kutoa mvuke wa sumu kali.

4. Maji na risasi ya moto havipatani. Tone moja la maji likizama ndani yake hugeuka mvuke ghafla, na risasi ya moto huruka usoni. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwenye jeraha kwa dakika 20, kisha apelekwe zahanati. Asipakwe mafuta, unga wala dawa ya meno.

5. Baada ya kushika risasi au kusafisha bunduki, nawa kwa sabuni na maji kabla ya kula, kuvuta sigara au kumbeba mtoto. Nguo za kazi hiyo zifuliwe peke yake.

6. Vumbi la risasi lisifagiliwe kavu. Lipanguswe kwa kitambaa chenye maji.

7. Risasi na marisau yafungiwe mahali ambapo mtoto hafiki.

Wengine watauliza, je, tukiacha risasi tupakie vipande vya nondo na misumari kwenye gobore? Hapana. Vyuma hivyo hukwaruza mtutu na vinaweza kukwama. Mtutu ukipasuka, mwindaji hupoteza vidole au macho. Viwanda vya nje hutengeneza risasi za shaba na marisau ya chuma laini kwa bunduki zinazofaa. Nchi ya Denmark ilipiga marufuku marisau ya risasi mwaka 1996, na mwaka 2024 ikapiga marufuku risasi za bunduki zenye madini hayo. Wawindaji wa huko bado wanawinda. Mwenye leseni aulize kwa muuzaji anayetambuliwa na serikali, na asibadili chochote kabla ya kujua kama bunduki yake inafaa.

KINGA KWA MPISHI

Mama mpishi ndiye mlinzi wa mwisho wa nyumba. Nyama ya mawindo ikifika, afanye hivi:

1. Kagua nyama kwa macho na vidole kwenye mwanga wa jua. Tafuta tundu, damu iliyoganda, manyoya yaliyoingia ndani ya nyama, au mfupa uliovunjika.

2. Kata sehemu yote ya jeraha pamoja na nyama iliyo pembeni yake. Ikiwa ni ndege au sungura, tupa kiungo chote kilichopigwa. Usione huruma. Ni afadhali kupungukiwa na paja moja.

3. Kuosha na kuchemsha hakuondoi risasi. Moto huua vijidudu. Risasi si kijidudu, haifi.

4. Kama nyama ina chembe za risasi, usiiloweke wala kuipika kwa limau, ukwaju au siki. Vitu vichachu huyeyusha risasi na kuichanganya na mchuzi. Wali ukamwagiwa mchuzi, sumu imekwenda kwa kila mtu.

5. Nyama iliyopigwa kwa marisau wasipewe watoto wadogo wala mama wajawazito na wanaonyonyesha. Wao wapewe maharagwe, dagaa, mayai, au kuku wa nyumbani.

6. Vipande vilivyotupwa vifukiwe shimoni. Mbwa wakivila watadhurika. Tai na tumbusi nao hufa kwa kula mizoga yenye risasi.

Chakula bora nacho ni kinga. Mtoto mwenye njaa, au mwenye upungufu wa madini ya chuma na chokaa, hunyonya risasi nyingi zaidi. Dagaa, maziwa, maharagwe, mboga za majani na matunda humsaidia.

JIBU LA SWALI MOJA

Watu huuliza habari ya mtu aliyepigwa risasi zamani, ikabaki mwilini. Je, ana sumu? Mara nyingi risasi iliyozama kwenye msuli huzungukwa na kovu, na sumu inayotoka ni kidogo. Lakini risasi iliyo ndani ya kiungo, kama goti au bega, huyeyuka polepole katika ute wa kiungo hicho na kuingia kwenye damu. Mtu wa namna hiyo amwone daktari apimwe damu. Asikubali kukatwa na mtu mwingine yeyote.

MWISHO

Ndugu wananchi, kuwinda kanga kwa kibali si dhambi, na kitoweo cha porini ni chakula kizuri. Lakini mwindaji hujua risasi yake imeelekea wapi pale anapovuta kifyatulio tu. Vumbi lake halijui shabaha. Humfuata mpaka nyumbani kwake. Kamati ya afya ya kijiji izungumze jambo hili na wawindaji, wavuvi na mafundi. Mganga akimwona mtoto aliyekwisha kuharibika ubongo, hana dawa ya kuurudisha. Baba na mama wanaweza kuuzuia ugonjwa huo kwa sabuni, kisu na kufuli.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Neno risasi lina maana gani mbili?
2. Kwa nini risasi ni rahisi kuyeyusha kuliko chuma?
3. Taja njia tatu za sumu ya risasi kuingia mwilini.
4. Kwa nini tusipike nyama yenye chembe za risasi kwa limau au ukwaju?
5. Katika kijiji chenu, ni nani wanaofanya kazi na risasi au betri mbovu? Watoto wao hucheza wapi?